Mji Janja Gani Huu Unaozama Kila Masika?



Naandika haya nikiwa nimekalia ndoo. Godoro langu nimeliegemeza ukutani likauke, na alama ya maji ya juzi bado inaonekana kwenye plasta, usawa wa kiuno changu. Naishi chumba kimoja cha kupanga, bondeni, hatua chache kutoka Mto Msimbazi. Mtaa wenyewe siutaji, kwa sababu sitaki mwenyekiti mmoja abebeshwe mzigo wa mfumo mzima.

Juzi saa tisa usiku niliamshwa na jirani yangu, mama muuza vitumbua, akigonga mabati na kupiga kelele: "Amkeni, yamefika!" Nilipoteremsha miguu kitandani nikakanyaga maji. Vyeti vyangu vilipona kwa sababu navitunza juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni, kama tunavyofanya wengi wa huku. Mama wa vitumbua hakuwa na bahati hiyo. Mchele aliouloweka kwa ajili ya asubuhi, sukari, mafuta, jiko la mkaa, vyote vilikwenda na maji. Huo ndio ulikuwa mtaji wake wote. Na maji yale, tuongee ukweli, hayakuwa ya mvua peke yake. Huku kwetu mvua kubwa ikianza kuna watu wanatapisha vyoo usiku, wanafungulia mtaroni, halafu sisi wa chini ndio tunaogelea humo.

Asubuhi naingia mtandaoni, nakuta nini? Picha za kongamano. Viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, chupa za maji zimepangwa mezani, na bango kubwa linaongelea "mji janja" na "kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi". Nikacheka peke yangu kama chizi. Hivi jamani, mji janja gani huu unaozama kila masika?

MVUA SIYO MTUHUMIWA PEKEE

Kabla hawajanirukia, niseme wazi: mabadiliko ya tabianchi yapo na yanatuumiza. Mvua siku hizi zinashuka kwa fujo, zinamwaga kwa siku moja kiasi ambacho mitaro yetu haiwezi kukibeba. Na waliochafua anga zaidi ni nchi tajiri zenye viwanda, siyo mama wa vitumbua na jiko lake. Hilo tulidai kwenye kila meza ya dunia, na nitakuwa wa kwanza kunyoosha kidole.

Ila watawala wetu wameigeuza tabianchi kuwa kichaka cha kujifichia. Mtaro ukiziba, tabianchi. Daraja likifunikwa, tabianchi. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini kutokana na mvua za El Niño, mafuriko na maporomoko, na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Kati ya sababu alizozitaja ni ukataji miti, kilimo cha kuchoma moto na ufugaji usiodhibitiwa. Sawa, kwa baadhi ya mikoa tunakubali. Lakini hapa Jangwani nani anachunga ng'ombe?

Tuutazame mto wenyewe. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unateremka takriban kilomita 35 hadi kuingia baharini pale Daraja la Selander. Kule juu miti imekatwa, kwa hiyo kila mvua inashuka na udongo. Katikati wachimba mchanga wanakula kingo. Pembeni mabati, lami na sakafu vimefunika ardhi, maji ambayo zamani yalizama chini sasa yanakimbilia mtoni yote kwa mkupuo. Chini huku mchanga na taka vimejaza mto mpaka kina kimepotea. Hata mtoto wa darasa la nne anaelewa: ukifungulia bomba huku umeziba tundu la sinki, jikoni kutafurika. Mvua ndiyo bomba. Aliyeziba tundu ni nani?

HISTORIA FUPI YA KUTOKUJIFUNZA

Ramani kuu ya Dar es Salaam ya mwaka 1979 ilichorwa wakati sensa ya 1978 ilikuwa imehesabu watu kama 843,000. Ilitakiwa itumike miaka 20. Miaka 20 ikaisha, mpya haikuja, na jiji likaendelea kukua kwa miaka mingi bila ramani kuu inayoendana na wakati. Sensa ya 2012 ikakuta watu 4,364,541. Sensa ya 2022 ikakuta 5,383,728. Makadirio ya miaka mingi yanasema asilimia 70 au zaidi ya wakazi wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Yaani wengi wetu ndio tunaitwa "holela". Ukiona watu wengi kiasi hicho wako nje ya mpango, tatizo siyo watu, ni mpango.

Halafu mtu aliyejenga bondeni anaitwa mvamizi. Alionyeshwa wapi kwingine? Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 tuliusikia. Nawaomba mtembee mkahesabu ni wauza vitumbua wangapi, makuli wangapi wa Kariakoo, wanaokaa humo leo.

Desemba 2011 yakaja mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini. Baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande. Kuna waliobaki huko, na kuna waliorudi mjini, kwa sababu kiwanja bila nauli ya kwenda kibaruani ni kifungo cha nje. Mtu hali mabati. Anakula anachokipata Kariakoo.

Desemba 2015 zikapigwa X nyekundu. Matingatinga yakashuka Hananasifu na Mkwajuni, nyumba zenye umeme na maji, nyumba ambazo viongozi walikuwa wakizipigia hodi kila uchaguzi, zikageuzwa kifusi. Bila fidia. Watu walilala juu ya matofali yao wenyewe na watoto. Sababu iliyotolewa: bonde ni hatari, haliruhusiwi kujengwa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mei 2016, miezi michache tu baadaye, mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi. Karakana na maegesho yao makuu yalikuwa wapi? Jangwani. Bonde lilelile. Mto uleule. Mama wa Mkwajuni kuweka chumba bondeni ni uvamizi, serikali kuweka karakana ya mabasi kwa pesa za mkopo bondeni ni maendeleo. Mvua zikaja, mabasi yakaloa mpaka viti, huduma ikasimama mara kwa mara, abiria wa Kimara na Mbezi wakabaki vituoni. Na mwaka 2018 jiji hilohilo likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Tuzo siibezi, mwendokasi ulikuwa wazo zuri na mimi mwenyewe naupanda. Ila "endelevu" ni nini kama gari linapaki ndani ya mto?

Leo mpango ni kuihamisha karakana ile. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga ukuta kwanza, tena kwa deni, halafu ndiyo tunatafuta ufa.

TUWE WAKWELI KUHUSU MRADI WA MSIMBAZI

Kuna vijana wetu wakisikia mradi wa serikali wanapinga hata kabla hawajausoma. Mimi sipo huko. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, na nchi nyingine zikaongezea. Ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani lenye urefu wa mita 390, kuna kupanua na kusafisha njia ya mto, kuna bustani ya jiji badala ya nyumba kwenye eneo la hatari. Safari hii watu wamelipwa fidia. Wazo la msingi, kwamba mto uachiwe nafasi yake ya kupanuka mvua ikija, ni sahihi kabisa. Mto una kumbukumbu, ukiuziba unarudi kudai kwake.

Kwa hiyo swali langu siyo kwa nini daraja. Naulizia mambo mawili. Mosi, kama fidia iliwezekana leo, wale wa Desemba 2015 walikosa nini? Walikosa ubinadamu au walikosa mkopo? Pili, daraja likiisha na bustani ikipandwa, nani atasafisha mtaro wa mtaani kwangu, ule unaopeleka maji na taka kwenye huo mto? Maana daraja la mita 390 linapitisha magari juu. Haliondoi chupa na kifusi kwenye mtaro wenye upana wa futi mbili.

JIJI LISILO NA MWENYEWE

Mwaka jana nilizunguka kuulizia mtaro huo. Ofisi ya kwanza wakaniambia niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa mtaro uko kando ya barabara, niwaone wa barabara. Wa barabara wakasema maji yanatoka kwenye makazi, niwaone wa mazingira. Wa mazingira wakasema unaishia mtoni, niwaone wa bonde. Nimetumia nauli ya wiki mbili kugundua kwamba mtaro wangu una ndugu wengi wakati wa semina na ni yatima wakati wa mvua.

Hili halikuja kwa bahati mbaya. Februari 2021 Rais John Magufuli alilivunja Jiji la Dar es Salaam, Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Leo mkoa una halmashauri tano: Ilala ambayo ndiyo Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Hakuna meya mmoja wala baraza moja la kuchaguliwa linaloliangalia jiji lote kama kitu kimoja. Msimbazi unatoka Pwani, unaingia Ilala, unapokea maji ya Ubungo, unapakana na Kinondoni. Maji hayajui mpaka wa halmashauri, hayasimami pale kwenye kibao cha "Karibu Kinondoni" kuomba kibali. Sisi ndio tumeukata mto vipande, kila kipande na mkurugenzi wake wa kuteuliwa.

Na chini kabisa, kwenye mtaa, hali ni mbaya zaidi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 chama tawala kilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchi nzima. Mnajua wenyewe namna wagombea wetu walivyoenguliwa. Wengi wanadhani ile ilikuwa ishu ya vyama tu. Hapana. Mwenyekiti ambaye haogopi kura yako haogopi mtaro wako. Ndiyo maana nawaambia, mafuriko yangu yalianza siku ya kurudisha fomu.

BUKU YANGU IKO WAPI?

Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme. Ilianza na buku moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Zamani kodi hii ilikusanywa na halmashauri zenyewe, baadaye ikapelekwa mamlaka ya mapato, sasa inakatwa kimyakimya kwenye LUKU. Mwenye jengo ni mwingine, ila anayenunua umeme ni mimi mpangaji, kwa hiyo kodi ya jengo ambalo siyo langu nalipa mimi. Sawa, nimelipa. Nionyesheni mtaro.

Tazama ujanja wa mfumo wetu ulipo. Kukata buku ya mpangaji bondeni, mfumo unamjua, unamfikia saa yoyote, haukosei. Mwaka 2022 walipita kuweka namba kwenye nyumba kwa operesheni ya anwani za makazi, na nyumba ninayokaa ikapata namba yake safi. Yaani wanajua nipo wapi, wanajua natumia umeme kiasi gani. Kitu kimoja tu mfumo huu haujui: maji yakiingia ndani kwangu. Ujanja wote umewekwa kwenye kuchukua. Kwenye kurudisha bado tunatumia barua.

UJANJA HALISI TUNAO TAYARI

Msiniletee habari kwamba teknolojia ni ngeni kwetu. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya hapa hapa Dar wakishirikiana na wakazi walitembea mtaa kwa mtaa na simu na vifaa vya GPS, wakachora nyumba, vichochoro, mitaro, na mahali maji yanapofika. Droni zikatumika kupiga picha kutoka juu. Ramani zikawekwa wazi, bure, mtu yeyote azitumie. Vijana kama wewe walifanya kazi ambayo ofisi ziliishindwa kwa miongo.

Na kabla ya droni tulikuwa na majembe. Miaka ya 1990 wakazi wa Hananasifu walishiriki kujenga mitaro na barabara za mtaa wao kwa mikono yao, wakilipwa, katika mradi uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Mnaona hapo? Mtaro ukajengwa na vijana wakapata ajira.

Huo ndio mji janja ninaouelewa mimi: mkazi anajua maji yanapita wapi, ramani iko wazi, pesa iko karibu, na kuna mtu aliyechaguliwa ambaye asipofanya anaondolewa. Ukiwa na hivyo vinne, droni inasaidia. Ukivikosa, droni inakupigia tu picha nzuri ya watu walio juu ya mabati.

NA SISI JE?

Hapa najua wengine watanuna, lakini lazima tuambiane. Upinzani ulikuwa na Meya wa Jiji la Dar kuanzia 2016 hadi alipoondolewa mwanzoni mwa 2020. Ndiyo, alibanwa, vyanzo vya mapato vilinyang'anywa, maagizo yalitoka juu. Najua. Ila tulipokuwa na nafasi, mitaro haikuwa ajenda yetu ya kwanza. Tuliijaza Jangwani kwa mikutano mikubwa, tukaangalia umati, hatukuangalia chini tulipokanyaga.

Na hata sasa tukoje? Mafuriko yakija tunakimbilia kupiga picha, tunaandika "serikali imefeli", likes elfu tatu, jua likiwaka tumesahau. Mama wa vitumbua hajawahi kula like. Aliniuliza juzi: "Mwanangu, nyie wa chama chenu mkiingia, huu mtaro mtaufanya nini?" Nikababaika. Nikamwambia tutaleta Katiba mpya. Akanitazama, akaendelea kukamua maji kwenye kanga. Katiba mpya naitaka mpaka kesho, lakini aliuliza mtaro, na nilipaswa kuwa na jibu la mtaro.

Jibu lenyewe nimelifikiria kwenye ndoo hii, na napendekeza liwe la kwetu sote.

Kwanza, Dar irudishiwe mamlaka moja ya jiji zima, yenye meya anayechaguliwa na wananchi moja kwa moja, na mto wote kuanzia Pugu hadi Selander uwe chini ya meza moja, Kisarawe nao wakiwa na kiti.

Pili, kodi ya majengo irudi halmashauri, na sehemu yake itengwe kisheria kwa mitaro ya mtaa ilikotoka. Kila mtaa ubandike ukutani: tumekusanya hiki, tumezibua pale.

Tatu, ramani ya maeneo ya mafuriko iwekwe wazi kwenye kila ofisi ya mtaa, na ikishawekwa imbane kila mtu. Mpangaji, tajiri mwenye ghorofa, na serikali yenyewe. X iwe ya wote au isiwe ya yeyote.

Nne, anayehamishwa alipwe kwanza, na apewe mahali anapoweza kuishi na kufika kazini. Kumtupa mtu porini siyo kumwokoa.

Tano, kazi ya kuzibua mitaro, kulinda kingo na kupanda miti Pugu iwe ajira ya mwaka mzima kwa vijana wa mitaa husika. Siyo zoezi la siku moja la kiongozi na kamera.

Tusisubiri Ikulu kuanza. Kila tawi letu la Dar, wiki hii, litoe vijana kumi. Tembeeni mtaro wa mtaa wenu kutoka juu mpaka unapoishia. Pigeni picha kila palipoziba, wekeni alama kwenye ramani ya simu, andikeni tarehe. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni wote, hata kama mwenyekiti hamkumchagua, msimame mkaulize kodi ya majengo na mtaro kwa majina. Wasipoitisha mkutano, daini uitishwe. Watachoka kutusikia kabla sisi hatujachoka kuzama.

Mimi naanza na wa kwetu. Jumamosi saa moja asubuhi, nimeshaongea na vijana tisa, wawili kati yao ni wa kijani, na sijali. Maji yalipoingia hayakuuliza kadi. Mama wa vitumbua amesema akipata mchele wa kuloweka atatuletea chai.

Tukutane mtaroni.